Taa ya Watu

Je, mkono unaweza kuabudu wakati moyo haumo? Na ukiabudu, ibada hiyo inaandikwa kwa jina la nani: la mwenye mkono, la aliyemtuma, au haiandikwi popote?

Swali hili nililisikia mara ya kwanza darasani, mwaka wangu wa pili chuoni, kabla ada haijanishinda nikaacha. Darasani lilikuwa swali la kumalizia saa mbili kabla ya chakula cha mchana. Mhadhiri alitaja majina, sisi tukayanakili, halikuuma mtu. Lilipokuja kuniuma lilikuwa na bei: shilingi 300 kwa usiku, mara tisa, ndani ya nyumba moja ya Biashara Street, Mombasa, Oktoba 2023.

Kwa asiyeujua mtaa huo, ni mtaa wa nguo. Leso zimetundikwa mlangoni hadi barabarani, mafundi wamekaa barazani na cherehani zao wakipinda leso papo hapo huku mteja akisubiri, na bei hutajwa kama mwanzo wa mazungumzo tu. Hapo ndipo lilipo duka la Kaderdina Hajee Essak, lile la "Mali ya Abdulla", ambalo husemwa ndilo lililoanza kutia maneno ya Kiswahili kwenye leso. Ukielekea Langoni Road utakuta hekalu la Wajaini, marumaru nyeupe tupu, lilojengwa mwaka 1963. Misikiti iko kila upande. Watu wa bara wakija wanasema "Wahindi" na kumaliza, lakini mtu wa Mombasa anajua kuna Bohora, kuna Memoni, kuna Khoja, kuna Baniani, kuna Kalasinga, na kwamba nusu yao wanaswali kama yeye. Duka nililofanyia kazi mimi silitaji. Lilikuwa la Baniani, yaani Wahindu, familia ya asili ya Gujarat, na kama majumba mengi ya zamani ya pale, biashara ilikuwa chini na maisha juu.

Mchana nilikuwa chini nikikunja leso. Usiku, kwa siku tisa hizo, niliitwa juu kuangalia taa.

Navaratri maana yake ni usiku tisa. Huangukia mwezi wa Ashvin wa kalenda yao ya mwezi, ambao kwetu ni Septemba au Oktoba; mwaka huo ilianza Jumapili, tarehe 15 Oktoba, na siku ya kumi, Dussehra, ikawa Jumanne tarehe 24. Hadithi yake ni kwamba palikuwa na jini mwenye umbo la nyati, Mahishasura, aliyepewa ahadi kwamba hakuna mwanamume atakayeweza kumuua. Akawatesa miungu mpaka wakafukuzwa mbinguni kwao. Ikabidi nguvu za wote zikusanywe, na zikatoka kwa umbo la mwanamke, Durga, kila mungu akampa silaha yake, naye akapigana na yule nyati akamuua. Ahadi ilisema mwanamume. Hakuna aliyefikiria kuandika "wala mwanamke", manake hakuna aliyemhesabu. Mimi hadithi hiyo naipenda kwa sababu hiyo pekee.

Kila siku ya tisa hizo ina jina lake la mungu huyo huyo, kuanzia Shailaputri, binti wa mlima, hadi Siddhidatri. Lakini nyumbani kule sikuwahi kusikia majina hayo yakitumika. Walisema Mataji, au Ma tu. Mama.

Hapa lugha yetu inanichekesha kidogo. Kiswahili hakina "yeye" wa kike na "yeye" wa kiume, kwa hiyo ukimtaja Mungu hujamtaja mwanamume wala mwanamke. Inabidi uongeze "wa kike" pembeni, kama kiraka. Kisha wakiwa wengi, tunawatoa kwenye umbo la watu na kuwapeleka kwenye umbo la miti na mito: miungu. Nilijaribu kumweleza fundi wetu wa barazani kuwa kule juu wanamwabudu mungu wa kike, akasimamisha cherehani. Nikamwambia basi wanamwita Mama. "Ah," akasema, akaendelea kushona. Mama kila mtu ana wake.

Sasa kazi yenyewe, manake watu wakisikia "taa ya mungu" wanafikiria mambo makubwa. Kwenye chumba kidogo cha juu paliwekwa picha ya Durga juu ya simba. Chini yake chungu cha maji, majani ya mwembe yamepangwa mdomoni, na nazi juu yake. Pembeni sinia la udongo lililopandwa mbegu za shayiri, ambazo zinatakiwa ziote na kurefuka ndani ya siku tisa. Pia palikuwa na chungu kingine kidogo chenye matundu kila upande na taa ndani; huo ndio garbo, na neno lenyewe linatokana na Kisanskriti, likimaanisha tumbo la uzazi. Ngoma ya garba, ambayo wanawake huicheza kwa mduara, asili yake ni kukizunguka chungu hicho. (Miezi miwili baadaye, Desemba 2023, UNESCO wakaiweka garba ya Gujarat kwenye orodha yao ya urithi wa utamaduni usioshikika. Nilipoisoma habari hiyo nilijisikia kama mtu aliyesikia jirani yake ametangazwa redioni.) Na mbele ya vyote hivyo, bakuli la shaba lenye samli na utambi wa pamba. Taa hiyo ikishawashwa siku ya kwanza, haitakiwi kuzimika hadi siku tisa ziishe.

Usiku familia nzima ilitoka kwenda kucheza garba kwenye ukumbi wa jumuiya yao, wakarudi saa saba usiku. Aliyebaki ni Ba, mama yake mwenye duka. Ba kwa Kigujarati ni mama mkubwa wa nyumba, na sisi wafanyakazi sote tulimwita hivyo. Ana miaka themanini na kitu, amezaliwa Mombasa, na Kiswahili chake ni safi kuliko changu. Macho yake hayaoni vizuri tena na vidole vimejikunja. Ndiyo maana nikaitwa. Nilikaa naye kuanzia saa moja, na kila samli iliposhuka nikaongeza, kila utambi ulipokuwa mfupi nikausukuma mbele kwa kijiti.

Masharti yalikuwa haya: nisile nyama wala samaki siku hizo tisa, na kabla ya kuingia nivue viatu, nioshe mikono na nioshe miguu. Alipofika kwenye miguu nilicheka, akaniuliza nacheka nini. Nikamwambia, "Ba, hayo mimi huyafanya mara tano kwa siku tangu utotoni." Akasema, "Basi kwa nini nilihangaika kutafuta mtu?"

Usiku wa kwanza nilishuka nikamkuta fundi anafunga mashine yake, amechelewa kumaliza leso za harusi ya mtu. Yeye namwita Ami, kwa heshima, si jamaa yangu. Akaniuliza, "Watoka wapi?" Nikamweleza. Akanyamaza kwanza. Kisha akasema, "Mwanangu, hiyo ni shirki au ni kibarua?"

Nikamwambia ni kibarua.

"Haya. Basi ukipanda, soma Kafirun moyoni. Na nia yako iweke sawa."

Hilo ndilo jibu la kwanza, na kwa mtu wa pwani ndilo jibu la karibu kabisa: nia. Kitendo huhesabiwa kwa nia yake. Mimi kumimina samli na Ba kumimina samli si kitu kimoja, hata kama kijiko ni kile kile. Jibu zuri, nimelelewa nalo. Lakini nilipolibeba juu usiku wa pili nikaliona lina tundu. Kama nia ikishawekwa sawa hakuna kitendo kinachonigusa, basi naweza kufanya lolote kwa yeyote aliye na pesa, nikabaki msafi kama karatasi. Muuza mirungi atasema hivyo hivyo. Dereva aliyebeba magendo atasema hivyo hivyo: mimi niliendesha tu. Na tena, dini yangu mwenyewe haikubali hesabu hiyo upande wa pili. Siwezi kukaa kitandani nikanuia swala ikawa nimeswali. Lazima mwili uinuke, upate maji, usimame, uiname. Kama mwili ni muhimu hivyo ninapomwabudu wangu, unakuwaje si kitu ninapohudumia wa watu?

Jibu la pili lilikuwa la darasani. Frits Staal, msomi wa Kiholanzi, alikwenda Kerala, India, mwaka 1975 kurekodi ibada ya moto ya kale sana iliyochukua siku 12. Akarudi na hoja iliyowakasirisha wengi: kwamba matendo ya ibada hayana maana yoyote. Wanaoyafanya hawawazi alama wala siri. Wanawaza kufuata kanuni sawasawa, kama mcheza dansi anayewaza hatua. Nilipoisoma chuoni niliona ni dharau. Nilipokaa mbele ya taa nikaona kuna kitu alikiona kweli. Ba hakuniambia hata siku moja samli inamaanisha nini. Aliniambia nisiifurike, manake utambi ukizama taa inakufa. Saa nzima inaweza kupita hatuzungumzi kitu kingine ila urefu wa utambi.

Lakini Staal alitazama makuhani waliozaliwa ndani ya kanuni zile, wanaozimiliki kama mtu anavyomiliki pua yake. Mimi kanuni ile sikuimiliki. Nilikuwa nimekodishwa ndani yake. Na aliyekodishwa hujiuliza maswali ambayo mwenye nyumba hajiulizi.

Pascal, yule Mfaransa wa karne ya 17, alitoa onyo ambalo lilinitia wasiwasi zaidi kuliko la Ami. Aliwaambia wanaotaka kuamini lakini hawawezi: anzeni kufanya wanayofanya waumini, tumieni maji matakatifu, hudhurieni misa, imani itafuata nyuma. Yaani mkono huuvuta moyo. Kama ni hivyo, usiku wa tisa ningekuwa nani? Nilijichunguza, kwa kweli. Usiku wa nne nilijikuta nimeamka nyumbani saa tisa alfajiri nikiwaza kama mwenye duka amekumbuka kuongeza samli kabla ya kulala. Sikuwa nawaza habari za Durga. Nilikuwa nawaza taa. Ule wasiwasi naujua: ni ule ule wa mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani.

Hapo ndipo nilipopata neno langu, na halikuwa ibada. Ni amana.

Pwani, amana ni kitu kizito. Ukiachiwa amana huulizwi kama unakipenda kile kitu, wala kama unaamini kina thamani. Mtu anaweza kukuachia bahasha ambayo hujui ndani mna nini ukailinda miaka kumi. Thamani yake haiko kwenye bahasha, iko baina yako na aliyekupa. Kwa hiyo nikajijibu: siabudu, lakini pia si chombo. Mimi ni mtu niliyeachiwa kitu kilicho kipenzi kwa mtu mwingine, na ninawajibika kwake kama mtu. Samli naitia kwa ajili ya Ba. Ba anaitia kwa ajili ya Mama yake. Mnyororo unafika huko lakini pingili yangu ni hii moja.

Jibu hilo nalisimamia mpaka leo. Ila sitaki ulipokee kirahisi, msomaji, kwa sababu lina sehemu ya pili ambayo si tamu. Amana humfunga anayepewa. Je, yule anayetoa naye hufungwa na nini?

Sisi Waswahili tuna methali yetu kuhusu jirani huyu: Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Nimeisikia tangu utotoni na sikuwahi kuifikiria. Ifikirie. Inasema mtu mwenyewe hafai, ila kitu chake kinafaa, chukua kitu uache mtu. Ni ruhusa ya kufaidi bila kuheshimu. Na nadhani kila upande wa kaunta wa Biashara Street una methali ya namna hiyo kwa lugha yake, hata kama haisemwi kwa sauti: hawa hawaaminiki, lakini mikono yao inafaa. Julai 2017 serikali ikawatangaza Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44. Watu walicheka, wengine walipiga makofi. Dukani kwetu hakuna kilichobadilika, si kwao wala kwetu. Chai ililetwa kwenye vikombe vya aina mbili kama kawaida: vya kauri vyenye maua vya familia, na vya plastiki vya bluu vya wafanyakazi, ambavyo vilioshwa mahali pengine na kuwekwa rafu nyingine. Hakuna aliyewahi kutuambia tusiguse vile vya maua. Hakukuwa na haja.

Na hapa ndipo ile ibada ya Mama inapokuja kuulizwa maswali. Nyumba inayomwita mungu wake Mama, inamwitaje mama anayepiga deki? Inamwita Mama pia, kumbe. Kwa Kiswahili kila mwanamke mzima ni Mama. Neno hilo moja linapanda hadi kwa aliyekaa juu ya simba na kushuka hadi kwa aliyeshika ndoo, na halimgharimu kitu anayelitamka.

Mama wetu wa usafi ni Mgiriama wa Kaloleni anayekaa Kisauni, Mkristo. Nazi iliyokuwa juu ya chungu cha Durga aliinunua yeye Marikiti, na majani ya mwembe aliyaleta yeye kutoka kwao. Nilimwuliza kama hilo lilimsumbua. Akaniangalia kama mtu anayeulizwa kama mvua humsumbua. "Nyanya yangu akiwamwagia koma mnazi," akasema. "Nami naenda kanisani. Nazi haijui yaenda wapi."

Wala jambo hili si la Mombasa peke yake. Sari za hariri za Banaras, ambazo maharusi wa Kihindu na hata sanamu za miungu yao huvishwa, wafumaji wake wengi ni Waislamu, vizazi kwa vizazi. Kule Bengal, ambako sikukuu hii hii huitwa Durga Puja, desturi inataka udongo wa sanamu uchanganywe na udongo kidogo uliotolewa mlangoni mwa wanawake wanaouza miili yao. Wapo wanaoeleza kwamba ni heshima. Labda. Lakini udongo unaalikwa ndani, na mwenye mlango anabaki mlangoni. Sidhani kuna ibada kubwa duniani isiyo na mtu wa namna hii nyuma yake: anayeshona, anayekamua, anayebeba, ambaye mikono yake inahitajika na yeye mwenyewe hahesabiwi. Yetu je? Siku ya Maulidi nani anayepika ule mpunga, na anakula saa ngapi?

Siku ya nane, Jumapili ya tarehe 22, nilishuhudia jambo ambalo bado linanishughulisha kuliko taa.

Siku ya nane au ya tisa familia nyingi za Kihindu hualika wasichana wadogo, ambao hawajavunja ungo, huwakalisha mahali pa heshima na kuwahudumia kama kwamba kila mmoja ni yule mungu mwenyewe. Huoshwa miguu, hutiwa alama nyekundu kwenye paji la uso, hulishwa, hupewa zawadi. Ba alitaka tisa. Wajukuu na watoto wa majirani walikuwa wanane; mmoja alikuwa ameamka na homa. Duka lilikuwa limefungwa, lakini mama wa usafi alikuwa ameitwa kusaidia, na kwa kuwa hakuna shule Jumapili alikuja na mwanawe wa miaka saba, aliyekuwa amekaa kwenye ngazi akihesabu magari.

Ba akasema, "Mleteni huyo."

Mwenye duka akasema kitu kwa Kigujarati, haraka haraka. Sikielewi Kigujarati lakini sauti ya mtu anayesema "Mama, jamani" inaeleweka kwa lugha zote. Ba hakumjibu. Akamwambia mama wa usafi kwa Kiswahili, "Mama, nataka kumuosha mwanao miguu. Waniruhusu?"

Nataka ulitazame swali hilo vizuri. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 32, inasema mtu asilazimishwe kutenda jambo lililo kinyume na imani yake, na wala asinyimwe kazi kwa sababu ya imani. Sawa. Lakini unapoombwa ruhusa na mtu anayekulipa mshahara, nyumbani kwake, mwanawe amesimama pale amekunja uso, ruhusa hiyo ina uzito gani? Nilimwonea huruma. Mimi nilipoulizwa kuhusu taa nilikuwa nimejibu kwa niaba yangu mwenyewe tu. Yeye alikuwa akijibu kwa niaba ya mtoto.

Aliweka ndoo chini. Akasema, "Miguu muosheni. Usoni msimtie kitu."

Kimya. Kisha Ba akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetajiwa bei ya haki. "Usoni simtii."

Na ndivyo ilivyokuwa. Mtoto alikalishwa wa tisa, mwisho wa safu. Ba, vidole vile, magoti yale, alishuka kutoka kwenye kiti chake. Ilichukua muda, ikabidi nimshike mkono. Akaosha miguu yenye vumbi la Kisauni kwa maji na maziwa, mguu mmoja kisha mwingine, akaipangusa kwa leso mpya, kisha akainama akaigusa kwa paji lake la uso. Nywele zake nyeupe zilikuwa sakafuni, kwenye sakafu iliyopigwa deki asubuhi hiyo na mama wa mtoto. Wasichana wengine walikuwa wamezoea, wanacheka. Huyu hakucheka. Alikuwa amemkazia macho mamake, na mamake amemkazia macho yeye.

Nimesikia watu wakiyapima mambo kama haya kwa njia mbili. Wa kwanza husema ni unafiki: unamwosha miguu Jumapili, Jumatatu kikombe cha bluu. Na ni kweli, Jumatatu kikombe kilikuwa cha bluu, nilikiona. Wa pili husema ibada hutufunza pole pole, kidogo kidogo moyo unalainika. Hilo sikuliona. Familia ile imefanya haya kila mwaka tangu kabla sijazaliwa, na vikombe bado viwili.

Mimi nafikiri ibada haimbadilishi mtu. Inachofanya ni kuweka ushahidi. Kabla ya siku ile, mtu angeweza kusema kwa moyo mweupe kwamba haiwezekani, mila haziruhusu, mwili hauwezi, mambo ndivyo yalivyo. Sasa Ba hawezi tena kusema mgongo wake hauinami. Tumeuona ukiinama. Mwanawe hawezi kusema haikufanyika chini ya dari lake. Na mama wa usafi, ambaye miaka yote nilidhani hasemi kwa sababu hana la kusema, tumemsikia akimpangia mwenye nyumba mpaka wa ibada yake, na mpaka ukaheshimiwa. Hayo yote yameshatokea. Hakuna anayeweza kuyarudisha yasiwe yametokea. Yatatumikaje, hilo ni la watu, si la mungu.

Ami, nilipomsimulia, hakupendezwa na falsafa yangu. Alitaka kujua jambo moja tu: alikataa ya usoni? Nikamwambia ndiyo. "Mwanamke yule ana akili," akasema, na kesho yake nikamwona akimpindia leso zake bila kumtoza.

Jumanne, siku ya kumi, taa iliachwa ikafa yenyewe. Shayiri ilikuwa imeota, kijani hafifu, imelala upande mmoja kuelekea dirishani. Nazi ilivunjwa ikagawanywa. Mimi yangu sikula. Nilimwambia Ba wazi, akasema si neno, akaifunga kwenye karatasi akaipa jirani. Chungu na miche vikapelekwa baharini. Nililipwa 2,700 kamili, hakuna aliyebishana nami. Nilikaa pale hadi siku chache kabla ya Diwali, ambayo mwaka ule iliangukia Jumapili ya 12 Novemba, kisha nikapata kazi ya kuandika matangazo ya watu mtandaoni.

Juzi nilipita kununua leso ya nyanya yangu. Mama wa usafi bado yupo. Nikamwuliza habari za mtoto, akasema yuko darasa la nne sasa. Nikamwuliza pia, kwa kuwa lilikuwa limenikaa miaka yote hii, kama Ba amemuomba tena.

"Kila mwaka," akasema. "Na kila mwaka yeye huniuliza kwanza."

"Na kikombe?"

Akacheka, akaniinulia alichokuwa nacho mkononi. Kilikuwa cha bati, kikubwa, kimepigwa rangi ya kijani. "Hiki nimekuja nacho kutoka kwangu," akasema. "Nakiweka rafu nitakayo."

Rafu gani, sikumuuliza. Mteja alikuwa ameingia, naye ilibidi asogeze ndoo.